Jina Lililokopa Bila Mwenyewe

Mtaani walimwita Bi Fundi, na jina hilo lilimtosha kwa miaka mingi bila yeye kutamani jingine. Kazi yake ilikuwa kuvisha makochi upya. Kochi lililolegea, lililotoboka, lililorukiwa na watoto hadi springi zikachungulia nje, yeye alilipokea, akalilaza chali juu ya meza ya mbao, akang'oa misumari midogo kwa bisibisi butu, kisha akalivua kitambaa chake kwa upole ambao baadhi ya watu hawawafanyii hata wagonjwa. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Kilikuwa na dirisha moja pana, cherehani ya miguu yenye sindano nene, marobota ya sponji yaliyosimama ukutani kama wageni waliokosa viti, na harufu ya gundi isiyotoka hata mlango ukiachwa wazi mchana kutwa.

Ndani ya makochi ya watu mna mengi. Alikuta humo kalamu, hereni, vidonge, barua zilizokunjwa zikabaki ukubwa wa kidole, na kadi za benki ambazo kupotea kwake kuliwahi kuzua ugomvi wa mume na mke. Desturi yake ilikuwa kuvitia vyote katika mfuko bila kusoma chochote, akaufunga fundo, na kuukabidhi mkononi mwa mwenye kochi, si kwa mtumishi wake wala kwa mwanawe. Mteja mmoja alimtania akimuuliza kama kweli hakuchungulia hata kidogo. Alimjibu kwamba amelipwa kufungua kochi, hakulipwa kufungua mtu.

Mwanamke huyu aliyestiri mambo ya wenzake kiasi hicho hakuwa na karatasi hata moja iliyomhusu yeye mwenyewe. Alizaliwa nyumbani, mama yake akafariki angali mchanga, na mama mkubwa aliyemlea alikuwa na watoto wa kulisha, hakuwa na wasaa wa kukimbizana na vyeti. Alipokuwa mtu mzima akaanza kuzunguka maofisini. Ofisi hii ilitaka karatasi inayotolewa na ofisi ile, na ofisi ile haikuitoa mpaka ioneshwe karatasi ya ofisi hii. Mara kadhaa watu wa vichochoroni walimnong'oneza kwamba kwa kiasi fulani wangemtengenezea cheti cha kuzaliwa kizuri kuliko cha kweli, chenye muhuri na sahihi. Aliwakatalia wote. Alisema amekwisha kuzaliwa kwa tetesi, hataki kuzaliwa mara ya pili kwa uongo. Hata laini ya simu aliyotumia iliandikishwa kwa jina la mtoto wa mdogo wake waliyelelewa pamoja, kijana aliyekwisha kuwa baba wa watoto wawili, mwenye kibanda cha kusajili laini na kutuma pesa, ambaye ukoo mzima ulimwita Wakala.

Siku kitambulisho kilipotoka, Bi Fundi alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kukipokea, kana kwamba anakwenda kusali. Alikitazama njia nzima. Palikuwa na uso wake, majina yake matatu, tarehe ya kuzaliwa iliyokubaliwa baada ya mashahidi kula kiapo, na namba ndefu ambayo aliihifadhi kichwani kabla hajafika nyumbani. Wakala akamsajilia laini yake mwenyewe siku hiyo hiyo, na akamfungulia akaunti ya pesa ya simu, neno la siri likiwa mwaka wake wa kuzaliwa, maana huo nao ulikuwa mpya kwake na alipenda kuuandika.

Ukoo wao ulikuwa na kundi kwenye simu, na humo kila aliyepata jambo jema alituma picha yake: mtoto aliyezaliwa, shahada, bati za nyumba mpya. Bi Fundi kwa miaka yote alikuwa mtu wa kupongeza wenzake. Sasa zamu yake ilikuwa imefika. Akakipiga picha kitambulisho mbele na nyuma, akaituma kundini, na kwa kuwa furaha ilikuwa bado inamwasha, akaiweka pia mahali pa picha yake, ili kila atakayempigia akione kabla ya kuona uso wake. Pongezi zilimiminika. Shemeji mmoja aliandika, "Hongera, sasa unaweza hata kufa kihalali." Bi Fundi alicheka mpaka akaacha sindano. Wapo waliomkumbuka marehemu mama yake na kulia. Na wapo, kwa mapenzi tu, walioipeleka picha ile kwenye makundi mengine: la akina mama wa ushonaji, la majirani wa zamani, la watu waliosoma pamoja, wakisema oneni Mungu alivyo mkubwa. Katika kundi la ukoo lenyewe walikuwamo wakwe wa wakwe na namba zisizo na majina, ambazo hakuna aliyekumbuka nani aliziingiza.

Hazikupita siku nyingi akapigiwa simu na mwanamke mwenye sauti ya adabu. Alimwita kwa majina yake yote matatu, kwa mpangilio sahihi, akamtajia tarehe yake ya kuzaliwa, akampongeza. Akaeleza kwamba kitambulisho kipya hakina budi kuunganishwa na laini, na kwamba kisipounganishwa leo kitafutwa kwenye mtambo. Mtu mwingine angeuliza anayepiga ni wa ofisi gani. Bi Fundi alisikia neno moja tu, kufutwa. Ujumbe wenye tarakimu ukaingia kwenye simu yake. Chini ya tarakimu hizo paliandikwa wazi kwamba asimtajie mtu yeyote, lakini yeye alisoma tarakimu, hakusoma maneno. Akazitaja kwa sauti, moja moja, kama mtoto anayemsomea mwalimu. Yule mwanamke akamshukuru, naye akashukuru zaidi.

Maisha yakaendelea. Kisha mwenye nyumba, mzee aliyehamia kwa binti yake, akaja kumwambia kwamba anauza kile chumba cha kazi pamoja na chumba cha nyuma. Kwa heshima ya kukaa kwao vizuri alimpa yeye nafasi ya kwanza hadi mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo, alisema, binti yake hatamwelewa. Bi Fundi alikuwa na akiba katika chama cha akiba na mikopo cha mafundi, nayo ilitosha kuwa malipo ya kwanza. Kilichobaki angekopa hapo hapo chamani, jambo ambalo kwa mwanachama wa muda mrefu kama yeye halikuwa na shaka. Alivaa vizuri, akaenda.

Karani wa chama aliingiza namba ya kitambulisho kwenye kompyuta, akaiingiza tena.

"Bi Fundi, jina lako lina mikopo miwili ya simu haijalipwa. Yote imepitiliza."

"Jina lipi?"

"Hili hapa. Majina matatu, namba, tarehe ya kuzaliwa. Si wewe huyu?"

"Ni mimi," alisema Bi Fundi, "lakini siye mimi."

Karani hakucheka. Alimweleza kwa taratibu kwamba wakopeshaji wote hupeleka taarifa za wadaiwa katika taasisi moja, na kwamba jina likishaingia huko na doa, hakuna chama wala benki itakayolikopesha hadi litakapotakaswa. Jina la Bi Fundi lilikuwa limekopa, likala, likatoroka, huku mwenyewe ameketi kwenye kigoda akishona mito.

Alirudi kwa miguu ili apate kufikiri. Miaka yote ya ofisi kwa ofisi alitakiwa kuthibitisha kwamba yupo. Leo alitakiwa kuthibitisha kwamba mahali fulani, wakati fulani, hakuwapo. Hakujua lipi ni gumu zaidi. Kutokuwa na jina alikuzoea, na alikuwa na subira yake. Lakini kuwa na jina na kulikuta limevaliwa na mtu mwingine, kama nguo iliyoibwa kwenye kamba na kuchafuliwa sokoni, hilo hakuwa na dua yake tayari. Usiku ule alisali akakawia kwenye sijda, akijiuliza kama Mola wake anamjua kwa majina yale matatu au kwa jambo jingine lisiloibika. Akatulia kidogo, ingawa mwisho wa mwezi haukusogea.

Kilichomuumiza zaidi ya deni kilikuwa dhana. Nani aliyasajili majina yake? Wakala. Nani alijua neno lake la siri? Wakala. Hakumwambia mtu, lakini dhana haihitaji kusemwa ili ifanye kazi. Wakala alikuwa na mazoea ya kupita adhuhuri kula naye. Kesho yake alipoingia, Bi Fundi aliinyakua simu iliyokuwa mezani na kuisukuma chini ya sponji.

Wakala alisimama mlangoni na sahani yake mkononi. "Mama mkubwa, umenificha simu?"

"Nimeiweka tu."

"Chini ya sponji?"

Bi Fundi akainamia kitambaa na kukata mahali ambapo hapakupaswa kukatwa. Wakala aliweka sahani chini. "Kama unadhani ni mimi, niambie mimi. Usiliambie sponji."

Basi akamwambia. Alimwambia yote, hata lile la kumshuku. Wakala alisikiliza bila kumkatisha, na uso wake ulionesha kwamba maneno yale yamempiga mahali. Kisha akauliza swali moja, kama kuna mtu aliyempigia baada ya kupata kitambulisho. Bi Fundi aliposimulia kuhusu yule mwanamke wa adabu, alisikia mwenyewe jinsi hadithi ile inavyosikika, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Wakala hakumlaumu. Alisema kibandani kwake wanakuja watu wa kila namna na kilio hicho hicho, wenye elimu na wasio nayo, na kwamba hata yeye walimpata mwaka uliopita kwa njia nyingine, akanyamaza kwa kuchelea kuchekwa. "Mtu mwenye kibanda cha pesa ameibiwa pesa za simu," alisema. "Nani angekuja kwangu tena?"

"Unisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe. Ila chakula kimepoa, na hilo bado sijalisamehe."

Alasiri hiyo hakuna kochi lililoshonwa. Waliiondoa picha ya kitambulisho, Bi Fundi akaweka ya ua. Waliwaomba wa kundini waifute walikoipeleka, wakijua kwamba simu zilizokwisha kuihifadhi hazikuwa chini ya amri yao. Mwaka wa kuzaliwa ukaacha kuwa neno la siri, maana ulikuwa umeandikwa juu ya kadi waliyoionesha ulimwengu. Bi Fundi akatunga jingine kutokana na jambo analolijua yeye na Muumba wake, na alipolibonyeza Wakala akageuza uso dirishani bila kuombwa. Wakaongeza kufuli ya pili kwenye akaunti. Walipoiuliza kampuni ya simu ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho kile, wakaambiwa ni mbili, na ya pili ilisajiliwa katika mji ambao Bi Fundi hajawahi kuukanyaga. Wakaifungisha. Wakaenda polisi kuandikisha taarifa, wakaiomba ile taasisi ya wakopeshaji historia kamili ya jina lake, na kwa wakopeshaji wote wawili wakapeleka pingamizi.

Mkopeshaji wa kwanza alijibu upesi. Mkopo wake uliombwa kwa ile laini ya mji wa mbali, na uso uliopigwa picha wakati wa kuomba ulikuwa wa mwanamke kijana mwenye nywele za kusuka. Doa hilo likafutwa kwa radhi nyingi. Wa pili akawaita ofisini.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu, yenye viti vya plastiki na mashine ya maji iliyokuwa imekauka. Afisa wa malalamiko alikuwa mtu mpole mwenye macho ya usingizi. Alieleza kwamba mkopo huu ulithibitishwa kwa tarakimu zilizotumwa kwenye laini ya Bi Fundi mwenyewe, ingawa pesa na madai yote vilipelekwa kwenye ile ya mji wa mbali, na kwamba kabla ya uamuzi kuna swali moja la kujibiwa kwa mdomo wake, nalo ni kama alimtajia mtu tarakimu zile. Aliweka kalamu mezani kabla ya kuendelea. Kama jibu ni hapana, jalada litakwenda kitengo cha udanganyifu na jina litasafishwa ndani ya wiki. Kama jibu ni ndiyo, masharti yanazihesabu tarakimu zile kuwa sahihi yake, na mkopo utabaki wake.

Wiki hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya mwezi. Wakala alitazama ukuta. Hakuna aliyekuwa na njia ya kumkanusha, maana mtu pekee aliyemsikia akizitaja hakuwa na mpango wa kuja kutoa ushahidi. Chumba chenye dirisha pana kilikuwa upande wa pili wa neno moja fupi.

Bi Fundi alikumbuka wale wa vichochoroni na vyeti vyao vizuri kuliko vya kweli. Jina lake alilipata bila kusema uongo, na ndiyo sababu lilichelewa. Akilisafisha leo kwa uongo, litang'aa kwenye kompyuta zote za wakopeshaji, na yeye peke yake atajua kwamba ni la kughushi. Mwizi atakuwa ameiba mara mbili, na mara ya pili kwa msaada wake.

"Nilizitaja mwenyewe," alisema.

Afisa alikohoa. "Bi mkubwa, sikusikia vizuri."

"Umesikia, mwanangu. Nilizitaja zote, na nikamshukuru."

Afisa akaandika alichoambiwa. Akaongeza kwa mkono wake kwamba mlalamikaji alighilibiwa na amesema kweli bila kulazimishwa, na akaenda chumba cha pili kuzungumza na mkubwa wake. Aliporudi alisema kwamba riba na faini zimefutwa. Deni lenyewe halikufutika. Waliposhuka ngazi hadi chini, Wakala akasema kwamba yeye angesema hapana. Bi Fundi akamjibu kwamba anajua, na kwamba hata yeye alikuwa karibu.

Alililipa deni la mtu asiyemjua kutoka kwenye akiba yake, na jina lake likawa safi. Lakini akiba iliyobaki haikufika malipo ya kwanza. Alikwenda kumwambia mwenye nyumba kabla ya siku kufika, ili asimngoje bure. Mzee alisikitika kweli, akamsifu, na wiki iliyofuata akamuuzia muuza vioo. Bi Fundi alilia mara moja, peke yake, akiwa ameshika kitambaa cha mteja, kisha akaenda kukiosha.

Muuza vioo alilitaka lile dirisha, hakuwa na haja na chumba cha nyuma. Alikubali Bi Fundi akipange, akamwambia amtumie picha ya kitambulisho kwenye simu kwa ajili ya mkataba.

"Mimi nipo hapa hapa," alisema Bi Fundi. "Nitakuletea ukione kwa macho."

Alimletea kadi yenyewe aitazame, na nakala moja ya kubaki naye, ambayo juu yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, kutoka pembe hadi pembe na kupita juu ya namba, kwamba ni ya mkataba wa pango wa chumba hicho tu, pamoja na tarehe.

"Mama, umeniharibia karatasi," alisema muuza vioo.

"Inasomeka?"

"Inasomeka."

"Basi haijaharibika."

Akapiga sahihi yake polepole, herufi zote, na muuza vioo akasubiri.

Siku ya kuhama Wakala alifunga kibanda mapema akaja kusaidia. Cherehani ilipita kwenye mlango mwembamba wa chumba cha nyuma, meza ikapita baada ya kulazwa ubavu, sponji zikapita kwa kubanwa. Kochi la watu watatu la mteja halikupita. Walijaribu kwa wima, wakajaribu kwa kuligeuza, Wakala akapendekeza walipake mafuta. Bi Fundi akamwambia alishushe, akaketi sakafuni, akaanza kulifungua miguu.